Kozi ya muziki wa kale Italia: Urbino, Siena, au wiki moja kijijini?

Ukitafuta kozi ya majira ya joto ya muziki wa kale, yaani muziki wa Ulaya wa kabla ya mwaka 1750 au hapo karibu, unaopigwa kwa ala na mitindo ya zama zake, utakutana na picha zilezile kila upande: mji wa mawe juu ya kilima, kanisa, mtu ameshika luti, ala ya nyuzi inayofanana na udi wa taarabu. Picha hizo hazikusaidii kuchagua. Kozi mbili zenye tangazo linalofanana zinaweza kuwa kazi mbili tofauti kabisa. Katika moja utapiga saa sita kwa siku mpaka midomo au vidole viume. Katika nyingine utakaa kitini ukisikiliza wenzako, na zamu yako ikifika una dakika arobaini.

Hapa tunalinganisha njia tatu: kozi kubwa ya kimataifa ya Urbino, madarasa ya Accademia Chigiana mjini Siena, na aina ya tatu isiyo na jina moja, yaani kozi ndogo ya wiki moja ambapo watu hulala, hula na kuimba pamoja katika kijiji cha kilimani.

Vipimo tulivyotumia

Kipimo cha kwanza, na kwetu ndicho kizito kuliko vyote, ni saa zako mwenyewe: saa unazopiga au kuimba mwalimu akikusikia, na saa unazopiga pamoja na wenzako. Waombe waandaaji ratiba ya siku moja ya mwaka uliopita. Tangazo halitakueleza hayo. Wakikuzungusha bila jibu, umeshapata jibu.

Cha pili ni usaili na kiwango. Cha tatu ni ala, pamoja na kimo cha sauti. Piano hukazwa, na rekoda za kawaida (filimbi za kupulizwa kwa ncha) hutengenezwa, kwa noti ya la yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Muziki wa Baroki (wa miaka ya 1600 hadi 1750 hivi) siku hizi hupigwa zaidi kwa 415, karibu nusu toni chini, na muziki wa Venisi wa miaka ya 1600, wenye korneto (pembe za mti zenye matundu) na trombone za kale, mara nyingi hupigwa kwa 465 hivi, nusu toni juu. Ukifika na rekoda ya 440 kwenye kikundi cha 415, hakuna namna ya kuirekebisha. Rekoda haikazwi kama gitaa. Utakaa pembeni au utaazima.

Cha nne ni kufika na kulala. Cha tano ni pesa. Hapa usilinganishe ada kwa ada. Jumlisha ada, malazi, chakula na nauli ya kutoka uwanja wa ndege, kisha gawanya kwa saa zako za kipimo cha kwanza. Chukua mfano wa hesabu tu: jumla ya euro 900 kwa saa 45 ni euro 20 kwa saa, na euro 700 kwa saa 10 ni euro 70 kwa saa. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, isipokuwa kama saa hizo kumi ni za aina ambayo huwezi kuipata kwingine.

Urbino

*Usaili na kiwango.* Kozi hii huandaliwa na Fondazione Italiana per la Musica Antica, taasisi iliyoanza kama chama cha wapiga rekoda, na imedumu zaidi ya miaka 50. Hufanyika mwezi Julai kwa siku kama kumi. Mlango ni mpana: wanafunzi wa vyuo vya muziki hukaa meza moja na walimu wa shule, madaktari na wastaafu wanaopiga kwa mapenzi tu. Mwalimu anakusikia siku ya kwanza ili akupange, na mara chache anakufunga mlango.

*Siku inavyokwenda.* Unajiandikisha kwa darasa kuu moja, mathalani rekoda, luti, viola da gamba (ala ya upinde inayoshikwa kati ya magoti), fidla ya Baroki, hapsikodi (kinanda cha nyuzi zinazodonolewa) au uimbaji, kisha unaongeza vikundi, kwaya, okestra au ngoma za kale. Utamu na mtego viko mahali pamoja hapa. Vikundi vingi hupangwa kwa kujuana: anayezungumza na watu wakati wa kahawa siku ya kwanza anapata watatu wa kupiga nao, na mwenye haya anaweza kumaliza siku nne akiwa na darasa lake tu. Fika na nakala za vipande viwili au vitatu vya sauti tatu au nne, kila sauti kwenye karatasi yake, ubandike jina lako kwenye ubao wa matangazo kabla ya chakula cha mchana.

*Ala na kimo.* Vikundi vya rekoda za Renesansi (zama za kabla ya Baroki) na za kawaida huenda kwa 440, nyuzi na muziki wa Baroki kwa 415. Mpiga rekoda mwenye alto mbili, moja ya kila kimo, hafungiwi mlango popote. Mwenye moja tu aulize kabla ya kulipa. Waliojifunza kwa rekoda za plastiki, kama zile za mtaala wa shule za Kenya, watazame kwanza matundu ya mbele. Hesabu kutoka juu: ikiwa tundu la tano ni dogo kuliko la nne, rekoda yako ni ya vidole vya Kijerumani. Fa yake ni rahisi, lakini noti nyingi zenye alama ya kupandisha hazikai sawa, na mwalimu yeyote wa muziki wa kale atakuomba uibadilishe. Tundu la tano likiwa kubwa kuliko la nne, uko salama.

*Kufika na kulala.* Urbino haina treni. Unafika Pesaro kwa treni, kisha unapanda basi karibu saa nzima. Mji wenyewe ni wa kupanda na kushuka, kiasi cha mita 450 juu ya bahari, na barabara zake za mawe zinakula magurudumu ya masanduku. Mpiga teorbo (luti yenye shingo ndefu) au gamba kubwa atafute chumba ndani ya kuta. Mabweni ya chuo kikuu, yaliyosanifiwa na Giancarlo De Carlo, yako nje ya mji kwenye kilima cha Cappuccini. Ni mahali pazuri, lakini ni mwendo wa kutoa jasho mara mbili au nne kwa siku.

*Pesa.* Ada na malazi ni vitu viwili. Hili linakupa nafasi ya kubana matumizi: chumba cha kuchangia, jiko, soko.

*Kinachofaa kuongezwa.* Ndani ya Palazzo Ducale, ikulu ya kale ya mji, kuna chumba kidogo cha kusomea cha mtawala wake Federico da Montefeltro, cha miaka ya 1470, chenye kuta zilizopambwa kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali. Miongoni mwa picha hizo za mbao kuna luti, klavikodi (kinanda kidogo cha nyuzi) na nota zinazosomeka. Simama mbele ya ile luti uangalie shingo yake na namna nyuzi zilivyopangwa jozi jozi. Kwa mwanafunzi wa ala za kale hilo ni somo zima lisilolipiwa ada.

Siena

*Usaili na kiwango.* Accademia Chigiana ilianzishwa mwaka 1932 na Count Guido Chigi Saracini, na hapo ndipo mwaka 1939 lilipofanyika juma la kumrudisha Vivaldi, mtunzi wa zama za Baroki, masikioni mwa watu. Ni chuo cha wanaoelekea jukwaani. Mwalimu anakusikia kwanza, na asiyechukuliwa kuwa mwanafunzi kamili anaweza kubaki kama msikilizaji. Jambo la kukumbuka mapema: sehemu kubwa ya madarasa ni ya piano, nyuzi, uimbaji na utunzi wa kawaida. Hapsikodi ina historia ndefu pale. Kenneth Gilbert na Christophe Rousset wote wamefundisha. Lakini orodha hubadilika mwaka hadi mwaka. Hakikisha ala yako imo mwaka huu kabla hujaanza kuota Siena.

*Siku inavyokwenda.* Darasa ni la hadhara. Unapiga mbele ya mwalimu, msindikizaji na wenzako, mwalimu anakusimamisha kwenye kipimo cha tatu cha kipande chako, na mnaweza kukaa hapo nusu saa. Kisha unakaa chini na kusikiliza wengine saa tatu. Kwa aliyekwisha kuwa na msingi, kusikiliza huko ni nusu ya mafunzo: mwenzako akisahihishwa pambo lile lile linalokusumbua, unalipata bila aibu yake. Kwa ambaye bado anahangaika na noti, ni siku ndefu. Saa za kupiga pamoja ni chache kuliko Urbino, na mazoezi ya faragha unayatafutia chumba kwa foleni.

*Ala na kimo.* Wapiga hapsikodi hufika mikono mitupu na kukuta ala. Wanachotakiwa kubeba ni ujuzi wa besi yenye tarakimu (mstari wa besi wenye namba zinazoonyesha sauti za kujazia juu yake), maana mwalimu anaweza kukuwekea besi usiyoijua akuambie sindikiza.

*Kufika na kulala.* Kutoka Firenze kuna treni ya kama saa moja na nusu, na basi linalokushusha juu, karibu na katikati ya mji. Stesheni ya treni iko bondeni. Unapanda kwa ngazi za umeme. Kinachowaponza wengi ni tarehe. Mashindano ya farasi ya Palio huwa tarehe 2 Julai na 16 Agosti, na shamrashamra huanza siku tatu kabla. Siku hizo vyumba huadimika, bei hupanda, na ngoma za mitaa 17 ya mji hulia mpaka usiku. Ni jambo la kuliona maishani. Kulala usiku wa kuamkia usaili wako chini ya ngoma hizo ni jambo jingine, kwa hiyo tazama kalenda.

*Pesa.* Ada, malazi na chakula kila kimoja kivyake, katika mji wa watalii. Waombaji wazuri huweza kupata ufadhili. Andika barua ya kuuomba wakati uleule unapotuma maombi; ukingoja mpaka ukubaliwe unaweza kukuta umekwisha.

Wiki moja kijijini

*Usaili na kiwango.* Hizi ni kozi za watu kumi na wawili hadi thelathini, nyingi zikiwa za waimbaji, chini ya kiongozi mmoja. Mara nyingi huombwi usaili, bali kuandika uzoefu wako na pengine barua ya mwalimu wako wa kwaya. Kuwa mkweli hapo. Sehemu ikiimbwa na watu wawili, asiyesoma nota vizuri hana pa kujificha, na mwenzake anabeba mzigo wa wawili wiki nzima.

*Siku inavyokwenda.* Kazi moja kubwa, au mtunzi mmoja, kwa siku sita: misa ya Palestrina, madrigali (nyimbo za mashairi) za Monteverdi, motet (nyimbo za kanisani za Kilatini) za kwaya mbili. Mazoezi ya muda wa saa tatu asubuhi, mapumziko marefu wakati wa jua kali, muda wa saa mbili au tatu tena jioni, na siku ya mwisho tamasha kanisani. Ni saa nyingi za kuimba kuliko mahali popote katika ulinganisho huu. Masomo ya mtu mmoja mmoja huwa machache au hayapo.

Kanisa la mawe linarudisha sauti kwa sekunde kadhaa. Kikundi kilichofanya mazoezi ukumbini kikihamia humo, kila mtu huona kwaya inaburuza, anaongeza mwendo, na mambo yanavurugika. Dawa yake ni konsonanti za mwisho fupi na za pamoja, mwendo wa polepole kidogo, na macho kwa kiongozi badala ya masikio kwa ukuta. Na ile mi ya kodi kuu, yaani do, mi na sol zikilia pamoja, iimbwe chini kuliko ya piano. Tofauti ni senti 14 hivi, yaani karibu sehemu moja ya saba ya nusu toni. Ikikaa mahali pake, kodi nzima inatulia kama maji mtungini, na kwenye kanisa lile unaisikia ikiendelea baada ya kufunga midomo.

*Ala na kimo.* Kwaya bila ala hushuka au kupanda kwa kadiri ya sauti zilizopo. Ukialikwa na ala, uliza.

*Kufika na kulala.* Hapa ndipo penye shida. Mabasi ya vijijini Italia yana ratiba mbili, ya siku za shule na ya siku zisizo za shule, na shule hufungwa mwezi Juni. Anayesoma ratiba isiyo yake hungoja basi lisilokuja mpaka Septemba. Jumapili mengi hayaendi kabisa, na tarehe 15 Agosti nchi nzima hupumzika. Tiketi za basi hununuliwa kwenye duka la tumbaku kabla ya kupanda, na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe kwenye mashine, ama faini. Waulize waandaaji kama wanapokea watu stesheni, na saa ngapi.

*Pesa.* Bei moja, kila kitu ndani. Inatisha ukiiona, lakini ifanyie ile hesabu ya saa. Asiyekula nguruwe aandike mapema na kwa uwazi, maana nyama za nguruwe za kukausha huingia hata kwenye mboga na mchuzi wa tambi.

Yanayokwamisha popote uendapo

Viza kwanza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ada euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi huchukua kwa kawaida siku 15, na unaweza kufika 45. Anayeishi Uingereza au Oman kwa pasipoti hizo anaombea hukohuko anakoishi. Sasa rudi kwenye suala la usaili: ukikubaliwa tu baada ya kufika, ubalozini utaonyesha nini? Omba barua rasmi inayotaja tarehe, mahali pa kulala na kiasi ulicholipa, na uulize kwa maandishi kama kianzio kinarudishwa viza ikikataliwa. Kwa upande huu, Urbino na kozi za kijijini huwa nyepesi kuliko darasa la usaili.

Rekoda ya mti isiende kwenye mizigo ya chini ya ndege. Inatoka kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, inapita saa nyingi kwenye hewa kavu, na mti hukauka nje kabla ya ndani. Hapo ndipo hupasuka. Ukifika, ipashe kichwa kwapani, piga dakika kumi au kumi na tano siku ya kwanza, ongeza taratibu, na ubebe ya plastiki ya kukusaidia saa zilizobaki. Rekoda nyingi nzuri zimechongwa kwa mpingo, mti uleule wa kusini mwa Tanzania. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika za jamii hiyo ya miti hazidaiwi kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Pembe ya ndovu ni habari nyingine. Upinde wa zamani wenye kipande chake uuache nyumbani.

Wapiga fidla, msidhani kulegeza nyuzi za chuma hadi 415 kunatosha. Zinakuwa tepetepe na hazijibu upinde. Weka nyuzi za utumbo majuma mawili kabla, na beba ile nyembamba ya juu mbili au tatu za akiba, kwa sababu ndiyo inayokatika.

Waimbaji wa kwaya zetu wana hazina ambayo wengi hawajui kama wanayo. Guido wa Arezzo, mji mwingine wa kilimani huko Toscana, katika karne ya 11 alifundisha kwa silabi sita: ut, re, mi, fa, sol, la. Katika mfumo uliokua kutokana na silabi hizo, ut ilihama, kama do ya solfa yetu inavyohama. Tofauti ni kwamba haikuwapo ti. Ukipanda ngazi ya do nzima, sisi tunaimba d r m f s l t d. Waimbaji wa zama zile, wakifika la, waliibadilisha jina wakaiita re: ut re mi fa sol re mi fa. Nusu toni ni mi-fa daima. Mwimbaji wa solfa akielezwa hilo huelewa upesi, wakati wenzake waliozoea do isiyohama bado wanakuna vichwa. Lakini karatasi atakayopewa ni ya mistari mitano, pengine yenye ufunguo wa C, alama ya mwanzoni inayoonyesha mstari wa noti ya C. Miezi mitatu kabla, chukua wimbo wa sauti nne, andika solfa chini ya mistari, kisha kila juma futa robo yake mpaka ibaki mistari mitupu.

Kwa hali yako

Unapiga kwa mapenzi, una mwaka mmoja au miwili ya ala, na unataka kuonja mengi: Urbino inakupa nafasi, mradi uko tayari kusogelea watu.

Una diploma au unaiandaa, unataka mtu akuvunje na kukujenga upya kwenye kipande kimoja: Siena, kama darasa lako lipo na tarehe haziangukii Palio. Ukienda kama msikilizaji tu, nenda na nota za vipande vinavyofundishwa na penseli.

Wewe ni mwanakwaya unayesoma nota vizuri, huna ala, na una likizo ya siku nane: kijijini. Kama husomi bado, ahirisha mwaka mmoja ufanye ile kazi ya kufuta solfa.

Safari yote inategemea viza ya mara ya kwanza: chagua kozi inayotoa barua ya kukubaliwa ifikapo Machi au Aprili, hata kama si ile uliyoipenda zaidi.

Mnatoka wawili au wanne wa kwaya au kikundi kimoja: nendeni Urbino mkiwa mmeshaandaa vipande vyenu, mwombe mwalimu awasikilize kama kikundi. Lile tatizo la kutafuta wa kupiga nao mtakuwa mmelimaliza nyumbani.

Unasafiri na ala kubwa kuliko sanduku la chini ya kiti: kabla ya kulinganisha walimu, waandikie waandaaji wote watatu swali moja tu, kama wanaazimisha au wanakodisha ala yako, kwa kimo gani na kwa bei gani, kwa sababu kiti cha pili cha ndege kwa ajili ya gamba kinaweza kuzidi ada ya kozi yenyewe.